Kiti, Dumu na Daftari: Mazoezi ya Nguvu kwa Mwanamke wa Miaka 60 na Kuendelea

Siku niliposhindwa kuinuka kwenye kochi bila kujisukuma kwa mikono, sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka 61. Sikuwa na maumivu popote. Kilichonikaa kooni ni wazo moja tu: kumbe ndiyo inaanza hivi. Baada ya hapo nikaanza kukwepa safari, kwanza zenye ngazi, kisha zenye foleni, mwishowe hata zile ambazo hazikuwa na la kutisha. Watu wa nyumbani walidhani nimechoka. Nilikuwa naogopa, na woga ule ukazaa unyonge, unyonge nao ukanifukuzia usingizi.

Sasa nina miaka 66 na ninanyanyua mwenyewe vitu ambavyo nilikuwa nawaita vijana waje kuninyanyulia. Sijarudi ujanani, magoti yangu bado yanalia asubuhi. Ila ule woga umepungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Mwongozo huu nimemwandikia mwenzangu ambaye hajawahi kushika chuma maishani, anayeona jimu ni pahala pa watoto, na ambaye siku hizi moyo wake hauko sawa.

Kwa nini uzito, na kwa nini kutembea peke yake hakutoshi

Kutembea ni kuzuri, endelea nako. Lakini tangu miaka ya 30 mwili hupoteza misuli, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na ukivuka 60 kasi huongezeka. Sisi wanawake tuna la ziada: hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa hupoteza uimara haraka katika miaka ya mwanzo. Huo upungufu wa misuli ulipewa jina, sarkopenia, mwaka 1989 na mtafiti Mmarekani Irwin Rosenberg, aliyeona kwamba jambo lisilo na jina halitashughulikiwa na mtu. Kutembea hakuuzuii vya kutosha kwa sababu miguu imeshauzoea uzito wako, na mikono, mgongo na mabega havipewi kazi yoyote.

Upande wa akili ndio ulionishangaza zaidi. Mwaka 2005 watafiti nchini Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 60 wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wote wakiwa na sonona, yaani huzuni na unyonge uliofikia kuwa ugonjwa. Waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilinyanyua uzito mkubwa, karibu asilimia 80 ya ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu. La pili lilinyanyua uzito mwepesi, asilimia 20. La tatu liliendelea na huduma ya kawaida ya daktari. Baada ya wiki 8, waliopata nafuu ya nusu au zaidi ya dalili zao walikuwa asilimia 61 katika kundi la uzito mkubwa, 29 katika kundi la uzito mwepesi, na 21 katika kundi la daktari.

Jaribio lilikuwa dogo, sitalifanya msahafu. Lakini linanipa ujasiri wa kusema jambo linalonikera: wanawake wa umri wetu huwekewa mikononi vidambeli vya nusu kilo vya rangi ya waridi na kuambiwa wachezeshe mikono. Mfuko wa mkononi ninaotoka nao kila siku una uzito kuliko hivyo. Akili yako si mjinga. Inajua unapopewa kazi ya kubembelezwa, na haijivunii.

Na kama unadhani umechelewa, mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya watu wa miaka 86 hadi 96, wakazi wa nyumba ya wazee, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe mwenye 68 huna pa kujificha.

Hatua ya 1: Ongea na daktari, na umwambie hasa unachotaka kufanya

Usimwambie "nataka mazoezi," maana atakujibu "vizuri, tembea tembea." Mwambie: nataka kunyanyua uzito mara mbili kwa wiki na kuuongeza polepole. Muulize kuhusu presha, moyo, macho kama una kisukari au ulifanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, ngiri, na mifupa. Kama umeshaambiwa mifupa yako ni dhaifu, au uliwahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akuanzishe, na uepuke kuinama mbele kwa kupinda mgongo ukiwa na mzigo. Pingili za uti hazipendi hilo.

Dawa nazo zina habari zake. Baadhi ya dawa za presha na moyo hufanya mapigo yabaki chini hata ukiwa umechoka, kwa hiyo kupima mapigo hakutakwambia ukweli. Nyingine huleta kizunguzungu ukisimama ghafla. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ajue kwamba mazoezi yenyewe pia huishusha. Awe na kitu chenye sukari karibu.

Ukiwa katikati ya zoezi na kifua kikabana, pumzi ikakata kupita kawaida, au kichwa kikawa chepesi, acha hapo hapo na utafute msaada.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya chochote

Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, chenye kimo cha kawaida, ukiegemeze ukutani. Keti katikati ya kiti, nyayo sakafuni, mikono imekunjwa kifuani kama msalaba. Mwombe mtu ashike saa. Kwa sekunde 30 inuka hadi unyooke kabisa, keti tena, inuka tena. Hesabu umeinuka mara ngapi. Ukilazimika kutumia mikono, hesabu ni sifuri, na si aibu. Hapo ndipo mimi nilipoanzia.

Kipimo hiki hutumiwa na wataalamu kukadiria hatari ya kuanguka. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, kuinuka chini ya mara 12 ni dalili kwamba miguu inahitaji kazi. Kwa wa 65 hadi 69 mpaka ni 11, kwa wa 70 hadi 79 ni 10, na kwa wa 80 hadi 84 ni 9.

Iandike namba yako pamoja na tarehe. Usimwonyeshe mtu kama hutaki.

Hatua ya 3: Daftari

Wengi huruka hatua hii, nami nakuomba usiiruke, kwa sababu kwa upande wa akili daftari lina kazi sawa na uzito wenyewe.

Chora ukurasa kwa kila siku ya mazoezi. Andika zoezi, kilo, na umerudia mara ngapi. Juu ya ukurasa, kabla hujaanza, andika namba ya hali ya moyo wako kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni siku mbaya kuliko zote unazozikumbuka. Ukimaliza, kaa dakika 10, kisha andika namba nyingine. Asubuhi inayofuata ongeza neno moja kuhusu usingizi: mzuri, wa kukatika, sikulala.

Unyonge una tabia ya kusema uongo kwa sauti ya uhakika. Utakwambia "hii haisaidii kitu" siku ileile ambayo wiki iliyopita ulitoka 3 ukafika 6. Bila maandishi utauamini. Kwenye daftari langu la kwanza, katika siku 24 za mazoezi, namba ya baada ilipanda mara 19, ikabaki palepale mara 4, ikashuka mara 1. Ile moja nilikuwa na mafua. Sina namna ya kubishana na mwandiko wangu mwenyewe.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye maandishi yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake bado yanasomwa, alieleza kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na jambo ulilolifanya mwenyewe ukalimudu kuliko na maneno ya kutiwa moyo. Kilo zina faida moja ambayo mazoezi mengi hayana: hazibembelezi. Dumu lililokushinda mwezi uliopita ukiliinua leo, hakuna aliyekuhurumia.

Hatua ya 4: Vifaa

Kiti, ukuta, na madumu mawili yenye mpini mzuri. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 5 unaweza kulianza na lita 2 na kuongeza nusu lita kwa wakati, jambo ambalo dambeli za dukani hazikuwezeshi. Ukiwa na dambeli au unaenda jimu, vizuri pia. Viatu viwe bapa na visivyoteleza, ndala hapana. Zulia linalokunjamana liondoe.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe

Anza kwa dakika 5 za kupasha mwili: piga hatua papo hapo, zungusha mabega, keti na kuinuka taratibu mara chache. Kila zoezi fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja na nusu au mbili, rudia seti ya pili. Wiki mbili za mwanzo seti moja inatosha.

Kanuni moja kwa yote: toa pumzi unapoinua, ingiza unaposhusha. Kubana pumzi ukiwa na mzigo hupandisha presha ghafla. Hesabu kwa sauti ukipenda, maana mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

*Kuketi na kuinuka.* Hili ndilo mama wa mazoezi yote. Nyayo upana wa nyonga, visigino nyuma kidogo ya magoti, pua ikipita juu ya vidole vya miguu unapoinuka. Wengi hukosea kwenye kushuka: hujitupa. Shuka ukihesabu tatu, na uguse kiti kama vile kuna yai juu yake. Ukishindwa kuinuka bila mikono, weka mto mgumu juu ya kiti ili kimo kiongezeke, kisha wiki hadi wiki tumia mto mwembamba zaidi. Ukifika 12 bila shida, kumbatia dumu kifuani.

*Kusukuma ukuta.* Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kama mlingoti, sogeza kifua ukutani kisha jisukume. Ukilimudu hamia kwenye meza nzito isiyosogea.

*Kuvuta.* Weka mkono mmoja juu ya kiti, mgongo umenyooka, na kwa mkono mwingine vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni, kiwiko kikielekea nyuma. Badilisha upande. Zoezi hili hurudisha mabega nyuma, na sijui nielezeje bila kuonekana natia chumvi, lakini kusimama ukiwa umenyooka kunabadilisha hata namna unavyoingia chumbani penye watu.

*Kuinama kwa nyonga.* Zoezi hili ndilo lililonirudishia uhuru mwingi, nalo ndilo linaloogopwa zaidi. Weka dumu juu ya kigoda mbele yako, si sakafuni. Simama karibu nalo. Rudisha makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa nyuma huku mikono imeshika vyombo. Magoti yalegee kidogo, mgongo ubaki umenyooka, kifua kishuke chenyewe. Shika mpini, toa pumzi, sukuma sakafu kwa miguu, simama. Mzigo upite karibu na mapaja, usiuache uning'inie mbali. Ujizoeze kwanza bila mzigo, ukiwa na fimbo ya ufagio mgongoni: iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Fimbo ikiachana na sehemu yoyote kati ya hizo, mgongo umepinda. Mimi nilifanya na fimbo tu kwa wiki tatu nzima, na sijutii hata siku moja.

*Kuinua visigino.* Shika mgongo wa kiti, panda kwa vidole, shuka polepole. Hilo tu. Mashavu ya miguu yakiwa na nguvu, ukijikwaa hutaanguka kirahisi.

*Kubeba na kutembea.* Chukua dumu kila mkono, simama wima, tembea hatua 20, geuka, rudi. Kisha jaribu na dumu moja tu upande mmoja bila kuegama. Utahisi kiuno kinavyofanya kazi. Hakuna zoezi linalofanana na maisha kama hili.

Mkojo ukitoroka kidogo unapoinua, usiache mazoezi kimyakimya kama wengi wetu tunavyofanya. Punguza mzigo, kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia haja ndogo huku ukitoa pumzi, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga. Ni jambo la kawaida na lina msaada.

Hatua ya 6: Siku ngapi

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi siku 3 au zaidi za mazoezi yanayochanganya nguvu na usawa wa mwili. Acha siku moja au mbili katikati ili misuli ipone.

Kuna wiki utapata siku moja tu. Usiitupe. Watafiti wa Vancouver, nchini Kanada, walifuatilia wanawake 155 wenye miaka 65 hadi 75 kwa mwaka mzima. Walionyanyua uzito, hata waliofanya mara moja tu kwa wiki, walifanya vizuri kuliko wenzao wa mazoezi ya usawa na kujinyoosha katika kipimo cha kuzingatia jambo moja na kupuuza mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Hatua ya 7: Kuongeza mzigo

Ukimaliza seti, jiulize: ningeweza kuongeza mara ngapi kabla ya kushindwa kabisa? Jibu likiwa mbili au tatu, mzigo unakufaa. Likiwa kumi, unajichezea. Likiwa sifuri, umezidisha. Ukifika mara 12 katika seti zote mbili kwa siku mbili mfululizo, ongeza nusu lita, na uanze tena kwenye 8.

Wiki za mwanzo utapanda haraka, ingawa misuli itakuwa haijakua sana. Kinachotokea ni kwamba neva zinajifunza kuiamsha misuli uliyo nayo, ambayo imelala kwa miaka. Kwa mtu mnyonge hii ni bahati: malipo yanakuja mapema, ndani ya wiki tatu au nne, kabla hamu haijaisha.

Kisha kuna kukwama. Mwezi wa nne mimi nilikaa kwenye kilo zilezile kwa wiki sita na nikaanza kujitukana. Laiti ningejua wakati ule kwamba mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 33 yenye washiriki 1,877 na kukuta kwamba mazoezi ya uzito hupunguza dalili za sonona bila kutegemea nguvu zimeongezeka kiasi gani. Kwa hiyo panda kila unapoweza, na usipoweza, jua kwamba kwenda tu kwenye kiti chako siku ile kumeshafanya sehemu ya kazi.

Maumivu ya misuli kati ya siku ya kwanza na ya tatu ni ya kawaida, hupungua ukitembeatembea. Maumivu makali ndani ya kiungo, au yanayokuja ghafla kama kuchomwa, si ya kawaida. Liache zoezi hilo na utafute sababu.

Chakula, kwa kifupi: misuli hujengwa kwa protini, na wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa watu wa umri wetu, zigawanywe kwenye milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Hatua ya 8: Siku ambayo huwezi

Itakuja. Utaamka mwili ni kama umefungiwa mawe na kila kitu ni bure. Siku hiyo weka mkataba mdogo: viatu, na seti moja ya kuketi na kuinuka. Ukimaliza hiyo na bado hutaki, vua viatu, andika "seti 1," na siku imehesabika. Mara nyingi utaendelea, lakini usijilazimishe kuendelea, maana mkataba ukishavunjwa na wewe mwenyewe hutauamini kesho.

Usijipange jioni kama jioni ndizo zinazokuelemea. Mimi nafanya saa nne asubuhi, nyumba ikiwa kimya. Kimya kile kilikuwa kinanimaliza. Sasa nimekipa kazi.

Hatua ya 9: Mtu wa pili

Upweke na udhaifu hulishana. Tafuta hata mtu mmoja wa kufanya naye, au wa kumtumia picha ya ukurasa wa daftari mkiwa mbali. Mjukuu wa miaka tisa anaweza kuhesabu, tena ni mkali kuliko mkufunzi yeyote. Wangu hukataa kuhesabu nisiponyooka vizuri.

Ernestine Shepherd, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1936, alianza mazoezi akiwa na miaka 56 pamoja na dada yake. Dada akafariki ghafla mwaka 1992, naye akazama katika huzuni na akaacha kila kitu. Alirudi baadaye, kwa sababu ya ahadi waliyowekeana, na mwaka 2010 Guinness World Records ilimtambua kuwa mwanamke mzee kuliko wote aliyekuwa akishindana katika kujenga mwili. Simtaji ili ukapande jukwaani. Ninachokumbuka kila mara ni ile ahadi: alirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeahidiana naye.

Mpaka wa mwongozo huu

Mazoezi ni msaada mkubwa, hayachukui nafasi ya matibabu. Ukikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ukiwa na huzuni au bila hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda, na usingizi au hamu ya kula imeharibika, nenda hospitali. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, na baadhi ya dawa vinaweza kuleta hali inayofanana na sonona, na vyote hivyo hupimika. Kama unatumia dawa za sonona usiziache kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Mpelekee daktari daftari lako mjadiliane. Na mawazo ya kutaka kufa yakikujia, mwambie mtu siku hiyohiyo, usisubiri namba ya kesho.

Hatua ya 10: Sakafuni

Ukifikisha wiki ya 8 hadi 12, rudia kipimo cha sekunde 30. Mimi nilitoka sifuri hadi 9, baadaye 13. Kisha, kama magoti na mifupa vinaruhusu, jifunze jambo ambalo hakuna anayetufundisha: kushuka sakafuni na kuinuka. Woga wa kuanguka, ukiuchunguza, mara nyingi ni woga wa kubaki chini. Nilikuwa sijakaa sakafuni kwa miaka minne, na sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nazipanga siku zangu kuizunguka hofu hiyo.

Tandika mkeka karibu na kiti imara kilichoegemea ukuta, na mtu awe nyumbani. Kushuka: shika kiti, peleka mguu mmoja nyuma, shusha goti taratibu, kisha la pili, kisha viganja, kisha keti kwa ubavu. Kaa dakika moja. Kuinuka: geukia ubavu, jisukume kwa kiwiko na kiganja hadi uwe kwa magoti na mikono. Tambaa hadi kwenye kiti. Weka viganja vyote viwili juu yake. Leta mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote sakafuni. Toa pumzi, sukuma kwa mguu na mikono kwa pamoja, geuza makalio, keti kwenye kiti. Pumzika kabla ya kusimama, presha isije ikakuangusha tena.

Mara ya kwanza ilinichukua karibu dakika tatu, nikatokwa na jasho hadi kwenye kope. Nilikaa kwenye kile kiti nikicheka peke yangu kama mwehu, mjukuu akaja mbio kuuliza kuna nini. Fanya mara moja kila wiki, na muda uliotumia uandike kwenye ukurasa uleule wenye ile namba yako ya kwanza.